Bima, Hisani na Wastaafu wa Mbezi Beach

Bosi wa shirika la umma mwaka 1975 hakuruhusiwa kuwa tajiri. Miiko ya uongozi ya Azimio la Arusha ilimkataza kumiliki hisa za kampuni, kupokea mishahara miwili na kupangisha nyumba. Waliosimamia Shirika la Bima la Taifa walishika fedha za watu wengi kuliko tajiri yeyote mjini, lakini za kwao zilikuwa mshahara tu. Tukisahau jambo hilo tutawahukumu vibaya wazee wa bima tunapouliza waliwatolea nini watu wao.

Kabla yao bima ilikuwa mali ya wageni, ikiuzwa na mawakala katika miji ya pwani. Kampuni moja ilizaliwa hukuhuku. Jubilee ilianzishwa Mombasa mwaka 1937, mwaka ambao Waismaili walimpima Aga Khan III kwa dhahabu mjini Nairobi kuadhimisha miaka 50 ya uimamu wake. Agosti 1946 wakampima kwa almasi hapa Dar es Salaam, na kutokana na sherehe hiyo ukazaliwa mfuko wa kukopesha wanajumuiya. Kwao bima na hisani vilitoka mfuko mmoja. Waswahili wa Kariakoo na Ilala hawakuwa na hati wala riba, ila walikuwa na vyama vya kufa na kuzikana, na daftari la mweka hazina lilitosha.

Shirika la Bima likaanzishwa mwaka 1963, Serikali ikiwa miongoni mwa wenye hisa. Februari 1967, siku chache baada ya Azimio, likawa lote la umma, na kampuni nyingine zikatakiwa kufunga biashara. Zanzibar ikaunda shirika lake mwaka 1969. Huku bara, kwa karibu miaka 30, mwenye gari, ghala au shehena ya kahawa alikuwa na mlango mmoja tu wa kubisha, awe anataka bima kubwa au bima ndogo. Mlango mmoja una raha yake kwa anayeukalia. Mwenye madai alizoea kuambiwa arudi kesho, na sifa hiyo mbaya iliishi muda mrefu kuliko walioisababisha.

Lakini shirika hilohilo lilijua kutoa, na lilitoa kwa namna ambayo mhasibu wa leo angeikata kwa kalamu nyekundu: lilimiliki bendi. Orchestra Bima Lee, na mtindo wake wa Magnet Tingisha, ilikuwa miongoni mwa bendi zilizotikisa Dar es Salaam ya miaka ya 1980. Shaaban Dede na Jerry Nashon waliimba humo. Vyombo vilikuwa vya Shirika, na mwanamuziki aliajiriwa kama karani. Washindani wake nao walikuwa na baba zao: JUWATA Jazz ilikuwa ya jumuiya ya wafanyakazi, Vijana Jazz ya umoja wa vijana wa chama, na Mlimani Park iliwahi kulelewa na shirika la maendeleo la jiji. Sijui ni hati ngapi za bima ya maisha ziliuzwa kwa sababu ya magitaa yale, na wala sijali. Mtu asiyekuwa na gari la kukatia bima alipata chake Jumamosi usiku. Kwa maoni yangu, ile ndiyo hisani kubwa kuliko zote ambazo sekta hii imewahi kufanya nchini, ingawa hakuna aliyeiita hivyo.

Februari 1991 Azimio la Zanzibar lililegeza miiko. Wakati huo Mbezi Beach, jijini Dar es Salaam, ilikuwa imeshaanza kujaa. Viwanja vikubwa kando ya Barabara ya Bagamoyo, kuanzia Tangi Bovu hadi Africana, vilichukuliwa na maofisa wa Serikali na mashirika, na nyumba zilipanda kwa miaka mingi, mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta. Mshahara haukutosha, hivyo uani kulikuwa na banda la kuku wa mayai au ng'ombe wawili wa maziwa. (Asije mtu akaichanganya na Mbezi ya Barabara ya Morogoro, huko ni kwingine kabisa.)

Kisha ikaja Sheria ya Bima ya mwaka 1996, na ukiritimba ukaisha. Jubilee ikarudi, kampuni mpya zikafunguliwa, na zote zilihitaji watu wanaojua kazi. Zingewapata wapi, kama si Shirika la Bima na Chuo cha Usimamizi wa Fedha kilichoanzishwa mwaka 1972? Shirika lenyewe liliwekwa katika orodha ya kubinafsishwa, na katika miaka hiyo migumu Margaret Ikongo aliliongoza. Israel Kamuzora akawa Kamishna wa Bima, akiiongoza mamlaka ya usimamizi wa bima iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2009, TIRA. Baadaye Elirehema Doriye aliliongoza Shirika lilipokuwa likitoa gawio kwa Serikali, kabla ya kupelekwa Ngorongoro.

Hisani nayo ilibadilika sura. Siku hizi ni hundi kubwa kama mlango, madawati, mashuka ya wodi ya wazazi, na picha gazetini. Si vibaya. Lakini soko la Kariakoo lilipoungua Julai 2021, mfanyabiashara asiye na bima hakuwa na mtu wa kumdai, na hundi ya picha haifufui duka. Mtu wa bima ana sadaka moja inayompasa kabla ya nyingine zote: kulipa fidia mapema, bila kumzungusha mjane.

Edwin Mtei, gavana wa kwanza wa Benki Kuu, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 2009. Andy Chande, aliyenyang'anywa kinu chake mwaka 1967 kisha akaombwa aendeshe Shirika la Usagishaji, alikuwa ameandika miaka minne kabla. Nyinyi wastaafu wa bima mlioko Mbezi Beach, mlioidhinisha fidia kwa kalamu na kupokea mishahara ya miiko, nanyi andikeni. Majalada mliyoyafunga mnayajua nyinyi.