Burundi na Mabomu Sita ya Afrika Kusini

Katika somo la ufahamu mwanafunzi mmoja aliniuliza swali lililonifanya niweke chaki mezani: "Mwalimu, Burundi haina bomu la nyuklia wala uwezo wa kulitengeneza. Kwa nini basi iliridhia mkataba wa kulikataza?" Darasa lilicheka. Mimi sikucheka, kwani jibu lake ni refu kuliko kipindi kimoja.

Mkataba huo ni ule wa Pelindaba, na chimbuko lake ni hasira. Tarehe 13 Februari 1960 Ufaransa ililipua bomu lake la kwanza la nyuklia huko Reggane, katika Sahara ya Algeria. Hadi mwaka 1966 ilikuwa imelipua mabomu 17 katika jangwa hilo. Julai 1964 viongozi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walikutana Cairo na kutangaza kwamba bara hili lisiwe na silaha hizo. Tangazo lao lilisubiri miaka 32: mkataba ulitiwa saini tarehe 11 Aprili 1996, katika mji huo huo wa Cairo.

Sababu mojawapo ya kuchelewa ilikuwa nyumbani. Utawala wa ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini ulikuwa ukiunda mabomu kwa siri. Agosti 1977 setilaiti ya Kisovieti iligundua matayarisho ya jaribio katika jangwa la Kalahari. Mataifa makubwa yakashinikiza, Pretoria ikakana, na kazi ikaendelea. Ndipo tarehe 24 Machi 1993 Rais F. W. de Klerk alipoliambia bunge kwamba nchi yake ilikuwa imeunda mabomu sita, na kwamba yote yalikuwa yamekwisha kuvunjwa.

Mpaka leo hakuna nchi nyingine iliyounda mabomu yake yenyewe kisha ikayavunja yote. Ukraine, Belarus na Kazakhstan ziliachia yale yaliyobaki katika ardhi yao Muungano wa Kisovieti ulipovunjika.

Kwa nini ilikubali? Desemba 1988 yalifikiwa makubaliano ya kuwaondoa wanajeshi wa Kuba nchini Angola, na mwaka 1990 Namibia ikapata uhuru. Hofu iliyolilea bomu ikapungua. Wengi husema pia kwamba watawala wale hawakutaka silaha hiyo irithiwe na serikali ya Waafrika walio wengi. Naona sababu zote mbili zilikuwepo, na hii ya pili haifai kufichwa kwa adabu.

Lakini neno la de Klerk peke yake lisingetosha. Wakaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki walifunguliwa milango na madaftari, wakalinganisha hesabu ya urani iliyozalishwa na ile iliyokuwepo. Hapo ndipo naona tatizo la leo. Mkataba wa mwaka 1987 baina ya Marekani na Wasovieti uliteketeza makombora 2,692 kwa sababu kila upande uliruhusiwa kumkagua mwenzake. Mkataba huo ulikufa Agosti 2019, na mwaka 2023 Urusi ikasimamisha ushiriki wake katika ule wa mwaka 2010. Idadi ya silaha inaweza kujadiliwa tena mezani. Mazoea ya kukaguana yakishapotea huchukua miaka kujengwa.

Sasa Burundi. Pelindaba ilihitaji nchi 28 kuiridhia ndipo ianze kutumika, na ya 28 ilikuwa sisi, tarehe 15 Julai 2009. Kumbuka mwaka ule, msomaji: Aprili tu, kundi la FNL lilikuwa limeweka silaha chini na kusajiliwa kuwa chama cha siasa. Nchi iliyokuwa bado ikikusanya bunduki zake milimani ndiyo iliyoutia mkataba wa bara zima nguvu ya sheria. Tulijua vizuri jinsi kila mtu anavyosubiri mwenzake atangulie.

Viporo vipo. China, Ufaransa, Uingereza na Urusi zimeridhia itifaki ya kutoishambulia kwa nyuklia nchi yoyote mwanachama wa mkataba. Marekani ilitia saini mwaka 1996, lakini Seneti yake haijairidhia. Nayo urani iliyotolewa ndani ya mabomu yale haikuteketezwa yote. Nyingine iliwekwa Pelindaba kwenyewe, magharibi ya Pretoria, kituo ambacho watu wenye silaha walikivamia Novemba 2007.

Nilipofika hapo, mwanafunzi yule akanyoosha mkono tena: "Na hiyo iliyobaki, nani anaihesabu?" Nikamjibu kwamba wakaguzi wa Shirika lile lile bado wanaihesabu. Kengele ikalia.