Sekta isiyo rasmi

Kabla ya jina "sekta isiyo rasmi" kuingia magazetini, mama lishe, mshona viatu na fundi wa makarai walihesabiwa kuwa hawana kazi. Keith Hart, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyefanya utafiti mtaa wa Nima jijini Accra, alieleza mwaka 1971 kwamba kazi wanazo. Tatizo ni kwamba hazimo katika vitabu vya serikali. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani likatumia wazo hilo katika ripoti yake kuhusu ajira nchini Kenya, nalo likapenya hadi kwenye sera. Mwaka 1992 Kenya ilitoa waraka wa kuendeleza jua kali, kama sekta hiyo inavyoitwa huko.

Tanzania ya 1983 ilikuwa na jina jingine: mzururaji. Chini ya Sheria ya Nguvu Kazi, aliyeonekana hana kazi inayotambulika aliweza kukamatwa mjini na kupelekwa shambani. Mtu ni yuleyule, beseni la maandazi ni lilelile. Jina ndilo lililoamua kama atafutiwe mkopo au apandishwe lori.

Hata hivyo, jina "isiyo rasmi" silipendi. Linamtaja mtu kwa alichokosa, na kutoka hapo hadi "haramu" ni hatua moja tu. Fundi anayefunza vijana kuchomelea na kulipa ushuru wa soko amepungukiwa nini? Jua kali angalau linataja mahali anapotolea jasho. Waandishi wenzangu, tuwaite kwa kazi zao: muuza samaki, seremala, mshona viatu.