Wadudu Vichwani

Novemba 8, 1989, Bunge la Kenya lilisimamisha shughuli zake kwa dakika zipatazo 45 ili kumjadili mtu ambaye hakuwa mbunge, hakuwa na cheo serikalini, wala hakuwemo ukumbini kujitetea. Kosa lake lilikuwa kuandika barua.

Barua zenyewe hazikuwa na matusi. Wangari Maathai, mwanzilishi wa Green Belt Movement, alikuwa amesikia kwamba kuna jumba la orofa 60 linataka kujengwa ndani ya Uhuru Park. Akauliza: ni kweli? Na kama ni kweli, kwa nini hapo, mahali pekee katikati ya jiji ambapo mtu asiye na pesa anaweza kulala kwenye nyasi bila kuulizwa amenunua nini? Leo swali kama hilo unaliandika kwa mistari miwili kwenye simu ukingoja matatu ijae. Yeye aliandika barua, moja baada ya nyingine, kila moja na anwani yake.

Kama ulizaliwa baada ya 2000, ni vigumu kupata picha ya jinsi swali dogo hivyo lilivyokuwa kubwa. Tangu 1982 sheria ilikuwa imeruhusu chama kimoja tu, KANU. Mchujo wa KANU katika uchaguzi wa 1988 ulikuwa ule wa mlolongo: hakuna kura ya siri, unasimama nyuma ya mgombea wako na kila mtu anakuona, chifu akiwemo. Jarida la Beyond, lililokuwa la Baraza la Makanisa, liliandika jinsi milolongo hiyo ilivyoibiwa, na likapigwa marufuku mwaka huo huo. Kituo cha televisheni kilikuwa kimoja, cha serikali, na taarifa ya habari ilianza na alichofanya Mtukufu Rais siku hiyo, hata kama alichofanya ni kwenda kanisani.

Maoni hayakukosekana, bila shaka. Watu waliongea kwenye matatu, kwenye baa, kwenye foleni za benki, baada ya kutazama kwanza nani ameketi nyuma. Kilichobaki cha wazi kilikuwa ukurasa wa barua kwa mhariri katika magazeti. Pale mwalimu kutoka Kisii au karani kutoka Industrial Area angeweza kusema jambo na jina lake likachapishwa chini. Ukiyasoma magazeti ya miaka ile, utaona watu wamejifunza kusema kwa mzunguko. Wanaanza kwa kumshukuru Rais kwa uongozi wake wa busara, halafu katika aya ya tatu ndipo wanauliza barabara yao imeenda wapi.

Maathai hakuzunguka.

Mradi wenyewe ulikuwa wa Kenya Times Media Trust, ubia kati ya KANU na Robert Maxwell, tajiri wa magazeti kutoka Uingereza. Ndani ya jumba kungekuwa na makao makuu ya chama, ofisi za gazeti la chama, ukumbi, maduka na maegesho ya magari 2,000. Mbele yake, sanamu ya Rais Moi. (Usiuchanganye na Times Tower tunayoijua leo, ile ya kulipa kodi. Hiyo ni hadithi nyingine.) KICC, fahari ya jiji tangu 1973, ina orofa 28. Hili lingekuwa zaidi ya mara mbili yake, refu kuliko yote Afrika, na gharama ilitajwa kuwa kama dola milioni 200, nyingi zikiwa za kukopa. Uhuru Park ilikuwa imefunguliwa na Jomo Kenyatta mwaka wa 1969, ekari zaidi ya 30 za nyasi, miti na kidimbwi cha maboti. Miaka 20 tu, na tayari kuna mtu ameiona kama kiwanja kitupu.

Maathai aliandika kwa Kenya Times. Akaandika kwa Ofisi ya Rais, kwa waliosimamia jiji, kwa wizara ya mazingira, kwa mashirika ya Umoja wa Mataifa. Hakujibiwa. Akamwandikia pia balozi wa Uingereza jijini Nairobi. Hoja yake kwake ilikuwa rahisi: nyinyi mngekubali jumba kama hili lijengwe ndani ya Hyde Park? Basi mwambieni mwenzenu Maxwell asije kutufanyia sisi.

Hapo ndipo Bunge lilipochachamaa. Lakini tazama walichojadili katika zile dakika 45. Hawakuuliza mkopo ungelipwa na nani. Hawakuuliza sheria gani inaruhusu chama kuchukua bustani ya umma. Walijadili tabia. Kwa nini anawaandikia wazungu mambo ya nyumbani? Yeye ni nani? Na mbunge mmoja akasema haoni maana ya kundi la wanawake walioachika kuja kukosoa mradi mkubwa hivyo. Ukumbi ukacheka.

Neno hilo la kuachika lilichaguliwa kwa makusudi. Ndoa ya Maathai, na mtu aliyewahi kuwa mbunge wa Lang'ata, ilivunjika mahakamani mwaka wa 1979, na jiji zima lilifuatilia kwenye magazeti. Baada ya hukumu aliliambia jarida la Viva kwamba jaji huyo ama hajui kazi yake ama ni mfisadi. Kwa maoni hayo alihukumiwa miezi sita kwa kudharau mahakama, na akakaa ndani siku tatu kabla ya kutolewa. Kwa hivyo 1989 haikuwa mara yake ya kwanza kugundua bei ya kusema. Huyu alikuwa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na ya Kati kupata shahada ya uzamifu, mwaka wa 1971. Bungeni haikusaidia chochote. Waliona cheti kimoja tu, cha talaka.

Hata Maendeleo ya Wanawake, iliyokuwa imeunganishwa na KANU miaka miwili kabla, ilimkemea. Na Desemba, katika sherehe za Jamhuri, Rais mwenyewe alisema kwamba mwanamke halisi kwa mila za Kiafrika huwaheshimu wanaume na kunyamaza. Wanaopinga mradi, akasema, wana wadudu vichwani.

Wakati huo huo alikuwa amekwenda Mahakama Kuu kuomba ujenzi usimamishwe, na hii ndiyo sehemu ya hadithi ambayo husimuliwa haraka ilhali ndiyo yenye uzito. Mahakama ilitupa kesi. Haikusema jumba ni zuri kwa mazingira. Haikuhitaji kufika huko. Ilisema Maathai hana msimamo kisheria wa kushtaki: bustani si yake binafsi, hajaumia zaidi ya mtu mwingine yeyote, na mwenye haki ya kutetea mali ya umma ni Mwanasheria Mkuu. Yaani Mwanasheria Mkuu wa serikali ile ile. Ukilipima jibu hilo, ni lile lile la Bunge, tofauti ni kwamba limevaa joho. Wewe ni nani?

Kisha ikaja bili. Kwa miaka mingi Green Belt Movement ilikuwa na ofisi katika jengo la serikali pale Central Police. Wakapewa saa 24 kuhama. Mafaili, meza na wafanyakazi wakahamia nyumbani kwake South C, nyumba ya kawaida ya mtaani. Wakaguzi wakaja kutafuta kama pesa zimeibwa. Marafiki wengine walianza kuvuka barabara wakimwona. Tunapenda kusema "sema ukweli liwe liwalo", lakini mara nyingi anayesema hivyo si yeye atakayehamisha mafaili.

Sasa, jumba lilikufaje? Simulizi tunayopenda ni ya shujaa mmoja aliyesimama mbele ya tingatinga. Mimi sidhani iko hivyo. Watu wengi walisema: wasanifu wa majengo walitoa wasiwasi wao, wanasheria nao, na wasomaji wa kawaida wakajaza kurasa za barua kwa mhariri, wengine kwa majina yao halisi. Halafu habari ikavuka mipaka, na wafadhili wakaanza kuuliza: nchi inayoomba msaada wa dawa na shule inakopa dola milioni 200 kujenga makao ya chama? Mwanzoni mwa 1990 mradi ukatangazwa kupunguzwa, na wawekezaji wakarudi nyuma. Mwaka wa 1992 uzio ukang'olewa, nyasi zikarudi kuwa za watu.

Kwa hivyo pesa ndiyo iliyoamua. Lakini pesa haikujua lolote mpaka ilipoandikiwa barua. Hapo ndipo naona akili ya Maathai. Malalamiko yake hayakwenda hewani. Alitafuta ni nani anashika mfuko wa mradi, akamwuliza huyo swali moja lenye jibu. Bunge lilikuwa sahihi kukasirika kuhusu balozi. Ile ndiyo barua iliyouma.

Uzio haukuwa hata umesahaulika pale Februari 28, 1992, kundi la akina mama, wengi wao wazee kutoka mashambani, lilipoketi kwenye kona ya Uhuru Park na kuanza mgomo wa kula, wakidai wana wao waliofungwa kwa siasa waachiliwe. Maathai aliketi nao. Usiku walilala pale, mchana watu wakaja kusimulia mbele ya umati mambo ambayo kwa miaka walikuwa wakiyanong'ona: nani alichukuliwa usiku, nani aliteswa Nyayo House. Ukitaka kujua maoni ya umma yalikuwa na sura gani kabla ya intaneti, ni hiyo: mama mmoja ameshika kipaza sauti, watu wamesimama kwenye nyasi.

Machi 3 polisi walikuja na rungu na vitoa machozi. Maathai alipigwa hadi akazirai. Na baadhi ya akina mama, kuona vijana wa umri wa watoto wao wanawapiga, wakavua nguo. Kwa mila za Kikuyu, na za jamii nyingine kadhaa, mama akikuvulia nguo amekulaani. Kwa miaka mitatu waheshimiwa walikuwa wakiimba wimbo wa mwanamke wa mila za Kiafrika. Haya, mila hiyo hapo. Wengi wa wale askari waligeuza macho. Akina mama wakahamia kanisa la All Saints, ng'ambo tu ya bustani, wakakaa karibu mwaka mzima, na mwaka wa 1993 karibu wana wao wote wakaachiliwa. Kona ile tunaiita Freedom Corner mpaka leo.

Karura ilifuata, kati ya 1998 na 1999, msitu wa takriban hekta 1,000 uliokuwa unakatwa vipande kwa ajili ya nyumba za kifahari. Januari 8, 1999, Maathai alikwenda kupanda mche mmoja tu na akapasuliwa kichwa na wahuni waliolipwa. Wanafunzi wa vyuo vikuu waliingia barabarani. Siitasimulia yote hapa. Inastahili makala yake.

Linalonivutia zaidi halina picha. Mwaka huo huo wa 1999 Bunge, lile lile lililocheka, lilipitisha sheria ya mazingira inayosema mtu anaweza kushtaki kwa ajili ya mazingira hata kama yeye binafsi hakupata hasara. Kisha Katiba ya 2010 ikalirudia jambo hilo kwa wino mzito zaidi. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na salama. Kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani, bila kulazimika kuonyesha kwamba yeye au mtu mwingine yeyote ameumia. Yaani lile swali la "wewe ni nani?" halina tena kazi mbele ya jaji. Na Katiba hiyo ilitangazwa wapi, Agosti 27, 2010? Uhuru Park.

Nje ya mahakama, swali bado lina afya nzuri. Mpiga picha wa Nakuru, James Wakibia, alipoanza kupigia kelele mifuko ya plastiki mtandaoni kwa hashtegi ya #BanPlasticsKE, kelele hizo zilisikika hadi wizarani, na Agosti 28, 2017 marufuku ikaanza kazi. Tunaikumbuka kama ushindi, na ni ushindi. Lakini pita kwenye mjadala wowote wa leo kuhusu mti, mto au msitu, uone majibu. Umelipwa na nani? Kwani wewe umepanda miti mingapi? Huyu dada ameolewa kweli? Ni kama Hansard ya Novemba 8, ila sasa kila mtu ni mheshimiwa.

Maathai alipata tuzo ya amani ya Nobel mwaka wa 2004, na baadhi ya waliocheka walituma pongezi. Alifariki Septemba 25, 2011. Alikuwa ameacha maagizo kwamba mti usikatwe kwa ajili ya jeneza lake, basi likatengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugu-maji. Serikali ilimpa mazishi ya kitaifa, bendera juu ya jeneza, askari kwa mwendo wa pole. Kabla ya kupelekwa Kariokor kuchomwa, walimleta Uhuru Park, na watu walikaa kwenye nyasi.