Baridi ya Brazili

Nyumba niliyokulia, upande wa Rombo, iliezekwa bati mwaka 1977. Kabla ya hapo tulilala chini ya nyasi, na mvua za masika zilipozidi, mama alikuwa akisogeza vitanda usiku kufuata mahali pasipovuja. Bati lile tuliletewa na baridi iliyopiga nchi ambayo mimi na baba yangu tuliijua kwa jina la Pelé tu. Ilinichukua miaka mingi kuuelewa mkasa wenyewe, nami nitausimulia kama nilivyoupata: kwanza kwa masikio ya mtoto, kisha kwa kusoma, na baadaye kwa mtu aliyekuwako.

Julai kwetu ni mwezi wa kipupwe. Ukungu hushuka mpaka kwenye migomba, na pengine saa nne ya asubuhi hufika jua halijaonekana. Watoto tulichuma buni vidole vikiwa vimekufa ganzi. Theluji tuliiona kila kulipopambazuka vizuri, lakini ilikaa kule juu, mahali pake, Kibo ikichungulia nyuma ya Mawenzi, wala haikutupitia akilini kwamba baridi ya namna ile yaweza kushuka ikaua mibuni. Baba alikuwa na mibuni mia nne hivi chini ya kivuli cha migomba. Kahawa ilikuwa ya baba na ndizi zilikuwa za mama. Ndivyo kihamba kilivyogawanywa tangu nilipopata akili.

Sasa, ndugu msomaji, tuvuke bahari ya Atlantiki mpaka jimbo la Paraná, kusini mwa Brazili. Kaskazini mwa jimbo lile udongo ni mwekundu, umetokana na miamba ya volkano kama wetu. Kuanzia miaka ya 1930 kampuni moja ya Kiingereza ilifyeka msitu pale na kuuza viwanja vya mashamba, na mji ulioota katikati yake ukaitwa Londrina, yaani London ndogo. Haikupita miaka arobaini kabla Paraná kutoa karibu nusu ya kahawa yote ya Brazili. Lakini kahawa ni mtoto wa misitu ya Ethiopia, amezoea kivuli na joto la wastani. Kule alipandwa juani, kwenye ukingo kabisa wa nchi za joto, kwa maana mstari wa Tropiki ya Kaprikoni unapita palepale. Wakulima waliijua hatari hiyo. Jalidi, yaani umande ulioganda, iliwahi kuwapiga mwaka 1953 na tena 1955. Walikwisha kujifunza kwamba hewa baridi ni nzito, hutiririka kama maji na kujaa mabondeni. Kwa hiyo walipanda mibuni kwenye migongo ya vilima na kuwaachia ng'ombe mabonde.

Siku ya Alhamisi, tarehe 17 Julai 1975, theluji ilianguka katika mji wa Curitiba, makao makuu ya jimbo, ulio juu ya uwanda wa mita 900 hivi kutoka usawa wa bahari. Lilikuwa jambo la ajabu, na watu walitoka mitaani kupiga picha na kurushiana mabonge ya theluji. Hewa ileile, iliyotoka pande za ncha ya kusini ya dunia, iliendelea na safari yake kwenda kaskazini, na alfajiri ya tarehe 18 ikawa imefika kwenye kahawa.

Wenyewe huiita jalidi nyeusi. Jalidi ya kawaida ni nyeupe: umande huganda juu ya jani, jani likaungua, lakini shina huweza kuchipua tena. Jalidi nyeusi huja na hewa kavu na upepo. Umande haupo wa kuganda, hivyo huganda maji yaliyomo ndani ya mti wenyewe na kuzipasua chembe zake. Jua likichomoza, mti huanza kugeuka mweusi kama uliopitiwa na moto. Safari hii hata mibuni ya juu vilimani haikusalimika, kwa sababu baridi ilikuja na upepo, haikungoja kutiririka mabondeni.

Mwaka ule wa 1975 Paraná ilipata magunia milioni 10.2 ya kilo sitini sitini, kwa kuwa sehemu kubwa ya mavuno ilikuwa imekwisha kuchumwa. Mwaka 1976 ilipata magunia 3,800. Nilipoisoma tarakimu hiyo mara ya kwanza nilidhani mpiga chapa amesahau sifuri. Hakusahau.

Mambo mengine yalisaidia kuipandisha bei. Angola, iliyokuwa mkulima mkubwa wa kahawa, iliingia vitani mwaka huohuo wa 1975, na Februari 1976 tetemeko likaipiga Guatemala. Ratili moja ya kahawa, ambayo mwaka 1975 ilikuwa kama senti 70 za Kimarekani katika soko la dunia, ilipita dola 3 Aprili 1977.

Kwetu habari hizi zilifika kwa redio ya mzee mmoja aliyekuwa mfanyakazi wa reli. Kabla yake, baba alikuwa na maelezo yake mwenyewe. Alipoona bei imeanza kupanda alisema Wazungu hatimaye wameonja kahawa ya Rombo wakatambua ubora wake. Aliyasema hayo kwa fahari, akawa anapogoa mibuni yake kwa heshima zaidi. Jioni moja mama alinituma nikamwite kilabuni. Nikawakuta wazee wamekaa na mbege yao, na yule mwenye redio anawaeleza kwamba Brazili imepigwa na baridi, kahawa imekufa yote. Pakawa kimya kidogo. Kisha Meku mmoja, mtu wa mzaha siku zote, akainua kata yake juu akasema, 'Mungu awazidishie baridi!' Kilabu kizima kikaangua kicheko. Baba alicheka mpaka akafuta machozi. Na mimi, mtoto niliyesimama mlangoni, nilicheka pamoja nao.

Fedha zenyewe zilifika kwa mzunguko mrefu. Mei 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, pamoja na KNCU yetu iliyoanzishwa mwaka 1933, na mkulima akabaki hana chombo chake cha kumsemea wakati uleule ambapo bei ilikuwa haijapata kuonekana. Ushuru wa kusafirisha kahawa nje ulikata kipande kikubwa kabla senti haijatufikia. Wenzetu wa Kenya walilipwa sehemu kubwa ya bei ya soko, na jambo hilo halikuwa siri kwa watu waishio mpakani. Tulisikia habari za magunia yaliyovuka usiku. Mpaka wa Kenya na Uganda ulikuwa na soko lake mashuhuri la magendo ya kahawa, Chepkube, ambalo jina lake lilikuja kuwa kama neno la lugha. Siwezi kusema serikali yetu iliiba. Ilijenga shule na zahanati, nami nilisoma katika moja ya shule hizo. Ila naona ilikuwa rahisi mno kuamua kwa niaba ya mtu asiyekuwa na chama. Akiba ya fedha za kigeni ya taifa ilijaa, mwaka 1978 milango ya bidhaa kutoka nje ikalegezwa, bei ya kahawa ikashuka, vita na Idi Amin vikaanza mwezi wa Oktoba, na kufikia mwisho wa mwaka hapakuwa na akiba ya kusimulia.

Hata hivyo kile kidogo kilichotufikia kilikuwa kingi kuliko baba alivyowahi kushika. Tulipata mabati thelathini na mawili na ng'ombe mmoja wa maziwa. Mama alipata doti mbili za khanga na sufuria kubwa. Yeye ndiye aliyekuwa akizungusha mashine ya mkono ya kukoboa, akianika kwenye kichanja, akiianua mvua inapotishia na kuibeba kichwani mpaka kwenye mizani. Nayataja hayo leo kwa sababu wakati ule sikuyaona.

Mwaka 1991 nilipelekwa Uholanzi kwa mafunzo ya miezi mitatu. Katika darasa letu alikuwamo Mbrazili, rika langu, na kwa Kiingereza chetu cha kuungaunga tulielewana. Siku moja aliniambia kwao ni Paraná. Nikamwuliza kama aliiona jalidi ya mwaka 1975. Akaniangalia kwa mshangao, maana wenzake wa kwao huko Ulaya hawakuwa wakimwuliza habari hiyo, sembuse mtu wa Afrika.

Baba yake alikuwa kibarua aliyeishi ndani ya shamba la mwenyewe karibu na Londrina, pamoja na familia nyingine nyingi. Asubuhi ile baba alimshika mkono wakaenda pamoja shambani. Alikumbuka kwamba nyasi zilikuwa kavu, bila umande, na kwamba kesho yake majani ya mibuni yalivunjika mkononi kama karatasi iliyoungua. Mwenye shamba hakupanda kahawa tena. Aling'oa mashina, akaleta trekta, akapanda soya na ngano, mazao ambayo mikono michache na mashine huyatosha. Kusema kweli mabadiliko hayo yalikuwa yamekwisha kuanza kabla ya jalidi. Yeye mwenyewe alinieleza hivyo, na niliyoyasoma baadaye yanamthibitisha. Jalidi iliwaondolea watu muda wa kujipanga. Katika miaka kumi, kati ya hesabu ya watu ya 1970 na ile ya 1980, vijiji vya Paraná vilipungukiwa na zaidi ya watu milioni moja. Wengine walikwenda kufyeka misitu ya Rondônia, wengine Paraguay. Familia yake ilipanda lori kwenda São Paulo, wakaanza maisha katika chumba kimoja.

Alipomaliza, akaniuliza sisi kwetu mwaka ule ulikuwaje. Nilikaa kidogo. Nikamwambia kwamba bei ilipanda, na kwamba baba yangu aliezeka nyumba bati.

'Mabati mangapi?' akauliza.

Nikamwambia thelathini na mawili. Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepiga hesabu, akasema ni vizuri. Habari ya kilabu na ile kata iliyoinuliwa sikumsimulia.

Baba alifariki bila kuijua habari ya familia ile. Mkataba wa kimataifa uliokuwa ukigawa mafungu ya mauzo ya kahawa ulivunjika mwaka 1989, bei ikaanguka, na majirani wengi wakaiacha mibuni izeeke au wakaing'oa usiku wapande migomba zaidi na, siku hizi, maparachichi. Kihamba chetu kiko mikononi mwa mdogo wangu. Julai 2021 jalidi ilipiga tena Brazili, na safari hii iliumiza hasa Minas Gerais, jimbo ambalo lilirithi nafasi ya Paraná katika kahawa. Mdogo wangu alinipigia simu jioni. Alikuwa ameiona habari hiyo katika simu yake.

'Kaka, umesikia? Baridi imeua kahawa Brazili,' akasema, na katika sauti yake mlikuwa na uchangamfu nilioutambua.

Nikamwambia nimesikia. Nikamwuliza imebaki mibuni mingapi ya baba. Akanyamaza akihesabu.

'Kumi na saba,' akasema. 'Lakini miwili haizai.'