Bonde la Ruzizi: Wakazi Wamoja, Serikali Tatu

Kavimvira ni mtaa wa mwisho wa Uvira upande wa kaskazini, na ndipo zilipo ofisi za mpaka wa Kongo na Burundi. Ukivuka hapo unaingia Gatumba, kisha Bujumbura, safari isiyofika kilomita 30. Nyuma ya mtaa huo linaanza bonde la mto Ruzizi, linalopanda kupitia Kiliba, Sange, Luberizi na Luvungi hadi Kamanyola. Ng'ambo ya mto, bonde hilohilo huitwa Imbo nalo ni la Burundi, na kipande chake cha juu, Bugarama, kiko Rwanda. Eneo hili lote halina gavana mmoja wala jina moja katika ramani za serikali. Lakini soko lake, maji yake, koo zake na misiba yake ni vya pamoja tangu kabla mipaka haijachorwa.

Ruzizi hutoka Ziwa Kivu, mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na kumwaga maji yake Ziwa Tanganyika kwenye mita 770 hivi, baada ya mwendo wa kilomita 117. Huko juu mto hupita kwenye magenge makali. Ukifika Kamanyola hutulia na kuanza kujipinda katika tambarare. Mto Ruhwa unapoingia Ruzizi ndipo nchi zote tatu zinapokutana. Magharibi inasimama milima ya Mitumba, na juu yake nyanda za Itombwe zenye baridi na malisho. Bondeni kuna joto na mvua haba kuliko milimani. Ndiyo maana wakati wa kiangazi wafugaji huteremsha ng'ombe kutafuta majani, na ng'ombe hao hukuta mashamba ya muhogo, mahindi na mpunga. Ugomvi mwingi ambao redio huutangaza kuwa wa makabila huanzia kwenye shamba lililoliwa.

Wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamekwisha kufika Uvira kutoka Ujiji, wakifuata pembe na watumwa, kabla ya Wazungu. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipofika Aprili 1858, walitaka kujua kama Ruzizi unatoka ziwani kuelekea Nile. Wenyeji waliwaambia kwamba mto unaingia ziwani, nao walisema kweli. Livingstone na Stanley walilithibitisha jambo hilo kwa macho yao Novemba 1871. Baadaye Rumaliza, mfanyabiashara wa Ujiji, alieneza mamlaka yake kwenye mwambao huu wa kaskazini, hadi ukoloni ulipomwondoa. Kiswahili kilifika kwa njia hiyohiyo ya mitumbwi na misafara, na mpaka leo ndicho lugha ya soko ya Uvira.

Wajerumani walijenga kituo cha Usumbura, Bujumbura ya leo, mwaka 1897. Wao na Wabelgiji waligombea mpaka kwa muda mrefu, hadi mkataba wa 1910 ulipouweka mtoni. Miaka sita tu baadaye majeshi ya Wabelgiji yalivuka na kuchukua Ruanda-Urundi, na mwaka 1925 sheria ya Brussels iliiunganisha kiutawala na Kongo. Watu wakavuka kwa kazi, ndoa na malisho chini ya bwana mmoja. Mto ukawa mpaka wa dola zilizo huru kwa mara ya kwanza Kongo ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, na Burundi na Rwanda tarehe 1 Julai 1962.

Teritwari ya Uvira ina sheferi, yaani maeneo ya kichifu, tatu: ya Bavira, ya Bafuliiru na ya Bonde la Ruzizi, ambayo umwami wake ni wa Barundi. Kusini, katika teritwari ya Fizi, wako Babembe. Nyanda za juu wako Banyamulenge, waliojiita kwa kijiji cha Mulenge. Kongo haijafanya sensa tangu 1984, kwa hiyo kila kundi hubeba hesabu yake, na hesabu hizo hugeuka silaha za kisiasa, kwa kuwa anayehesabiwa mgeni hupoteza ardhi na kura. Sheria ya uraia ya 1981 iliwatilia shaka wasemaji wengi wa Kinyarwanda na Kirundi waliozaliwa Kongo, na kidonda hicho hakijapona.

Mpaka huu umekuwa kimbilio la pande zote. Mwaka 1964 waasi wa Simba, wakiongozwa kutoka Bujumbura na Soumialot, waliiteka Uvira. Mauaji ya Burundi ya 1972, kisha kuuawa kwa Rais wake Ndadaye Oktoba 1993, viliwaleta Barundi upande wa Kongo. Mwaka 1994 wakafuata Wanyarwanda waliokimbia vita nchini mwao. Vita vilivyomng'oa Rais Mobutu wa Kongo vilianzia hapa Oktoba 1996: hospitali ya Lemera ilishambuliwa, wagonjwa wakauawa vitandani, na kabla mwezi kwisha Uvira ilikuwa imetekwa. Kiwanda cha sukari cha Kiliba kikasimama, maelfu wakakosa riziki. Agosti 2004 wakimbizi zaidi ya 150, wengi wao Banyamulenge waliovuka kutafuta usalama, waliuawa usiku mmoja Gatumba.

Katikati ya hayo biashara haikukoma. Asubuhi mpaka ukifunguliwa, akina mama hupita na mabeseni ya ndagala, nyanya na vikwembe, mkononi wakishika jetoni, yaani kibali cha kuvuka, ya siku moja. Faranga za Burundi hupokewa sokoni Uvira bila swali. Burundi inapokosa mafuta ya gari, madumu huvushwa kutoka Kongo. Kwa miaka mingi abiria wa Uvira kwenda Bukavu, mji wa nchi yao wenyewe, walipita Rwanda kuanzia Kamanyola kwa sababu barabara ya Ngomo, upande wa Kongo, ilikuwa mbaya.

Serikali zilijaribu kuutambua ujirani huu. Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu (CEPGL) iliundwa Gisenyi mwaka 1976, na bwawa la Ruzizi II, mali ya nchi zote tatu, likaanza kutoa umeme mwaka 1989. Vita vya Rwanda vya 1994 viliikwamisha jumuiya hiyo. Ilifufuliwa 2007 ikiwa dhaifu. Kongo ilipoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, nchi tatu zikawa tena chini ya mkataba mmoja. Hata hivyo Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024. Februari 2025, waasi wa M23 walipoichukua Bukavu, makumi ya maelfu ya watu walivuka Ruzizi kwenda Cibitoke, wengine kwa kuogelea. Desemba mwaka huohuo M23 waliingia Uvira yenyewe, na njia ya kukimbilia ikawa ileile ya Gatumba.