Mbeya na Dhahabu ya Jirani

Msafiri atokaye Mbeya kwenda Chunya huupanda kwanza mgongo wa milima, akaingia katika baridi na ukungu, kisha akateremkia upande wa pili katika nchi ya joto na miombo, hata akafika mahali ambapo, kwa haki ya mambo, ungalisimama mji mkubwa wa Nyanda za Juu Kusini. Kwani dhahabu iliyowaita watu wa kila kabila katika machimbo ya Lupa, tangu miaka ya 1920, ilitoka huko. Walakini Chunya hata leo ni mji mdogo, na Mbeya ni jiji.

Aghalabu twadhani kwamba utajiri hukaa pale pale ilipo neema ya ardhi. Lau ingekuwa hivyo, Tukuyu ingaliishinda Mbeya zamani sana: udongo wa Rungwe ni wa volkano, mvua yake ni nyingi, na Wajerumani waliichagua iwe makao ya utawala wao, wakaiita Neu-Langenburg, wakati ambapo Mbeya haijatajwa na mtu. Lakini Tukuyu imekaa katika vilima vinavyoteremkia ziwa Nyasa, na mwenye safari ya Iringa au ya Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo) hakuwa na haja ya kuipitia. Mbeya, iliyoanzishwa mwaka 1927 chini ya mlima Loleza, iliwekwa mahali ambapo njia hizo mbili, na ya Nyasa, na ya Lupa, zakutana. Mchimbaji alitaka unga, sururu, mafuta ya taa na nguo. Mhindi akafungua duka. Msafwa, mwenyeji wa hapo, akaleta mahindi na maharage. Na penye duka moja la pili halikawii, kwa kuwa mnunuzi hupenda soko lenye wauzaji wengi, na muuzaji naye hupenda lenye wanunuzi wengi, hata kila ajaye humvuta mwenziwe. Dhahabu ilipopungua baada ya Vita Kuu ya Pili wachimbaji walitawanyika. Soko halikutawanyika.

Kisha siasa ikaongeza yake. Mwezi wa Novemba 1965 Waziri Mkuu Ian Smith alijitangazia uhuru huko Rhodesia (Zimbabwe ya leo), na shaba ya Zambia, iliyozoea kushukia kusini kupitia nchi hiyo, ikahitaji njia nyingine ya kufikia bahari. Bomba la kuipelekea Zambia mafuta likamalizika mwaka 1968, barabara kuu ikatiwa lami, na baina ya miaka ya 1970 na 1975 Wachina, pamoja na maelfu ya vijana wetu, wakajenga reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hata Kapiri Mposhi. Yote matatu yalipita Mbeya. Iringa, mji mkongwe kuliko Mbeya, wenye heshima ya kuwa jirani ya Kalenga, ngome ya Mkwawa, chifu wa Wahehe, haikubahatika hivyo: reli ilipanda kutoka Mlimba ikaelekea Makambako, ikaiacha mbali kaskazini, na Makambako, iliyokuwa kituo tu cha njia panda, ikawa mji wa maghala na malori. Nani basi atasema kwamba miji huota kama uyoga, bila mkono wa mtu?

Na siku hizi, mwenye kusimama asubuhi katika soko la Mwanjelwa, mjini Mbeya, huona mchele wa Kyela na wa Usangu, ndizi za Tukuyu, viazi vya Umalila, vyote vikishushwa na kupakiwa upya, wala hakuna hata kimoja kilicholimwa hapo sokoni. Makuli hupata posho yao, madalali hupata zaidi. Ila faida ya njia hizi kukutana huwafikia kwanza wenye malori na maghala. Aliyelima viazi Umalila hushindiliwa gunia mpaka likawa lumbesa, limefumwa kilemba cha kamba juu, naye akalipwa bei ya gunia moja.