Mhadhara Usiojibiwa: Kutoka Ukumbi wa Kaloleni hadi Podikasti

Utangulizi

Mwalimu anayefundisha mazungumzo kama utanzu wa fasihi simulizi aghalabu huorodhesha hotuba, ulumbi, mawaidha, soga na malumbano ya utani, kisha akatoa mfano wa mzee wa kijijini aliyeketi chini ya mti. Mwanafunzi wa Jericho, Makongeni au Umoja huukariri mfano huo bila kuwahi kumwona mzee mwenyewe. Ilhali asubuhi hiyo hiyo, ndani ya matatu katika Barabara ya Jogoo, huenda alikuwa akisikiliza podikasti kwenye simu: mtu akihoji haki ni nini, au lugha ya mama ina maana gani mjini. Je, alichosikiliza ni fasihi simulizi?

Makala haya yanalijibu swali hilo kwa kuifuata historia ya mhadhara katika mitaa ya Eastlands, Nairobi. Hoja yetu ni kwamba kilichopotea katika safari ya kutoka ukumbini hadi kwenye simu si Kiswahili, bali ni jibu la hadhira.

Ukumbi na uwanja

Mtaa wa Kaloleni ulijengwa katika miaka ya 1940 ili kuwapa makao wafanyakazi Waafrika. Ukumbi wake wa kijamii haukuwa mahali pa burudani pekee. Tarehe 23 Aprili 1950, chama cha KAU na kile cha Wahindi wa Afrika Mashariki vilifanya mkutano wa pamoja humo. Makhan Singh, kiongozi wa wafanyakazi, aliinuka akapendekeza azimio la mkutano liongezwe dai la uhuru kamili wa Afrika Mashariki. Katikati ya Mei mwaka huo alikamatwa, na hakuachiliwa hadi 1961.

Mhakiki wa fasihi simulizi hana budi kulitazama tendo hilo kwa makini. Makhan Singh hakuhutubu tu, akashangiliwa, akaenda zake. Aliweka hoja mbele ya watu ambao wangeweza kuikubali, kuirekebisha au kuikataa papo hapo. Mlumbi na hadhira walikuwa chini ya paa moja, na neno lilipata nguvu kwa kupimwa na wasikilizaji.

Hali kadhalika katika uwanja wa Kamukunji, karibu na Shauri Moyo. Mikutano ya hapo ilizoeleka hivi kwamba jina la mahali likawa nomino ya kawaida: Mkenya husema "tufanye kamukunji" akimaanisha mkutano wa ghafla wa kujadili jambo. Mkutano ulioitishwa hapo tarehe 7 Julai 1990 kudai vyama vingi ulipigwa marufuku, na waliouitisha, Kenneth Matiba na Charles Rubia, wakatiwa kizuizini siku tatu kabla. Serikali ilijua kwamba hadhira inayoweza kujibu ni jambo zito.

Redio: sauti ya upande mmoja

Redio ilibadilisha uhusiano huo. Sauti ya Kenya, iliyopata jina hilo mwaka 1964 na kuitwa KBC tangu 1989, ilipeperusha pia vipindi vya shule vilivyotayarishwa na Taasisi ya Elimu ya Kenya. Mwalimu wa redioni alisikika mbali, lakini hakuweza kuulizwa swali. Udhaifu huu ulionekana wazi mwaka 2020, shule zilipofungwa mwezi Machi kwa sababu ya korona na masomo yakahamishiwa redioni na kwenye runinga. Kipindi kilikwisha kwa wakati wake, aliyeelewa na asiyeelewa wakiachwa pamoja.

Vituo vya mitaani vilirudisha jibu kwa kiasi. Koch FM ilianza Korogocho mwaka 2006, na Ghetto Radio ikafuata mwaka 2008 ikitumia Sheng. Msikilizaji aliweza kupiga simu na kubisha. Hata hivyo, mtangazaji ndiye aliyeamua ni nani azungumze na kwa muda gani.

Podikasti imeongeza uhuru wa mzungumzaji, ambaye hahitaji leseni ya masafa wala ukumbi. Lakini hadhira yake imetawanyika. Kila mmoja husikiliza peke yake, kwa wakati wake, na maoni anayoandika baadaye hayabadilishi neno lililokwisha kurekodiwa.

Funzo la Odera Oruka

Yupo mwanafalsafa wa Nairobi anayetusaidia hapa. Henry Odera Oruka, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi hadi kifo chake mwaka 1995, alianza katika miaka ya 1970 kuwahoji wenye hekima wa vijijini na kuyarekodi mazungumzo yao. Kitabu chake kuhusu falsafa hiyo ya wenye hekima kilitoka mwaka 1990. Alitofautisha aina mbili za watu hao. Wa kwanza anaijua hekima ya jamii yake na kuieleza vyema. Wa pili anaijua, kisha anaihoji na kutoa sababu zake mwenyewe.

Oruka aliwezaje kuwatofautisha? Kwa kuwauliza maswali. Kinasa sauti kilihifadhi maneno tu; swali ndilo lililofichua fikra. Rekodi isiyoulizwa hutuachia mawaidha, hata yakiitwa falsafa.

Suala la Sheng

Huenda mwalimu akasema kwamba rekodi nyingi za mitaani zimejaa Sheng, hivyo zitamponza mtahiniwa. Hofu hiyo ina msingi, kwani insha ya mtihani hudai Kiswahili sanifu. Lakini ikumbukwe kwamba Abdulaziz na Osinde (1997) wanalihusisha chimbuko la Sheng na mitaa hii hii ya Eastlands, ambako watoto wa jamii mbalimbali walikulia pamoja. Mtahiniwa anayeweza kueleza ni kwa nini mzungumzaji alihama kutoka Kiswahili sanifu hadi Sheng alipofika kwenye kilele cha hoja, tayari anajibu swali la isimu jamii.

Darasani

Tunapendekeza mwalimu acheze dakika tano za rekodi, kisha aizime kabla ya hitimisho. Wanafunzi waeleze hoja iliyotolewa kwa Kiswahili sanifu, waipinge au waiunge mkono, ndipo wasikilize mwisho wake. Watahiniwa wazingatie maswali matatu: Mzungumzaji anairudia hekima ya jamii au anaihoji? Anamdhania msikilizaji wa aina gani? Nani angemjibu, na angesema nini?

Hitimisho

Podikasti ina fanani na ina utendaji wa sauti, lakini hadhira yake hai haijakamilika mpaka pale wasikilizaji wanapoketi pamoja na kuijadili. Kwa hivyo, tukiulizwa kama ni fasihi simulizi, jibu letu ni kwamba inategemea tunavyoisikiliza. Darasa la wanafunzi arobaini wanaobishana kuhusu rekodi moja liko karibu zaidi na Ukumbi wa Kaloleni wa 1950 kuliko msikilizaji mmoja aliyeinamia simu yake. Kazi ya kuirudisha hadhira hiyo ni ya mwalimu wa Kiswahili.